Daftari la Matukio na Arifa za Ghala la Data: Somo kwa Watumishi wa Afisi na Wananchi

Watumishi wa afisi za umma, walimu wakuu wa skuli, makarani wa masjala, wenye maduka na wananchi wote wanaoweka kumbukumbu zao katika ghala la data lililounganishwa na mtandao wanaletewa somo hili. Linahusu jambo moja ambalo aghalabu hupuuzwa: kulisoma daftari la matukio linaloandikwa na ghala lenyewe, na kuhakikisha kwamba arifa zake zinamfikia mtu anayeweza kuzishughulikia.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inalihusu ghala la data kuliko hata duka la nafaka, kwa sababu mali iliyomo humo haionekani kwa macho wala haishikiki kwa mkono. Gunia la mchele likipungua, karani huliona. Faili likiharibika ndani ya diski halinuki wala halivuji, na huenda uharibifu wake ukajulikana miezi mingi baadaye, siku ambayo mzee aliyestaafu anakuja kufuatilia kiinua mgongo chake na jalada la utumishi wake halifunguki. Mzee huyo hana habari ya diski wala ya mtandao. Anachokijua ni kwamba aliitumikia Serikali na Serikali haina ushahidi wa utumishi wake.

1. Ghala la data na mtego wake

Ghala la data ni kompyuta ndogo isiyo na skrini wala kibodi, yenye diski mbili, nne au zaidi. Huunganishwa kwa kebo na swichi ya afisi ili kompyuta zote ziweke na kuchukua mafaili mahala pamoja. Diski zake hupangwa kwa utaratibu uitwao RAID, ulioelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani. Katika mpango wa RAID 5, diski moja ikifa kazi huendelea. Katika RAID 6, kazi huendelea hata zikifa mbili.

Hapo ndipo penye neema, na hapo ndipo penye mtego. Ichukuliwe mfano afisi yenye ghala la diski nne katika mpango wa RAID 5. Diski moja ikifa siku ya Jumatatu, mafaili yataendelea kufunguka, barua zitachapishwa, na hakuna mtumishi atakayelalamika. Ila kinga imekwisha. Diski ya pili ikifa kabla ya ile ya kwanza kubadilishwa, mafaili yote huondoka kwa pamoja. Na hata baada ya diski mpya kuwekwa, zile zilizosalia hufanya kazi nzito kwa saa nyingi ili kuijaza, na kazi hiyo inaweza kuidhihirisha diski nyingine iliyokuwa dhaifu.

Muda ulio baina ya kifo cha diski ya kwanza na cha ile ya pili ndio muda wa kuokoa. Chombo hakina skrini. Kina taa ndogo na pengine mlio ndani ya chumba kilichofungwa. Pasipo daftari kusomwa na arifa kupelekwa, muda huo hupita bila ya mtu yeyote kujua kwamba ulikuwapo.

2. Yaliyomo katika daftari

Kila tukio huandikwa kwa mstari wake. Mstari hueleza tarehe na saa, uzito wa tukio, sehemu iliyohusika, jina la mtumiaji au anwani ya kompyuta iliyotumika, na maelezo mafupi. Humo huandikwa diski iliyoonyesha ubovu, joto lililozidi, umeme uliokatika, mtu aliyekosea neno la siri, faili lililofutwa, na nakala ya akiba iliyofanyika au iliyoshindwa.

Vyombo vingi hufuata utaratibu uitwao Syslog, ulioanzishwa na Eric Allman katika miaka ya 1980 akiwa Berkeley, na ambao kanuni zake zinazotumika zilichapishwa mwezi Machi 2009. Utaratibu huo unayagawa matukio katika madaraja manane:

Daraja la 0: mfumo hautumiki kabisa.
Daraja la 1: hatua ichukuliwe papo hapo.
Daraja la 2: hali ni mahututi.
Daraja la 3: kosa limetokea.
Daraja la 4: onyo.
Daraja la 5: jambo la kawaida, lakini la kuzingatiwa.
Daraja la 6: habari tu.
Daraja la 7: maelezo ya mafundi ya kutafutia hitilafu.

Izingatiwe kwamba nambari ikiwa ndogo ndipo jambo linapokuwa zito. Asiyejua huweza kudhani kuwa daraja la 7 ndilo la hatari zaidi na la 1 ni dogo. Baadhi ya vyombo hufupisha madaraja hayo na kuonyesha matatu tu: habari, onyo na kosa.

3. Saa na tarehe

Daftari lenye saa isiyo sahihi ni sawa na shahidi asiyejua siku. Mtu akishukiwa kufuta faili, au umeme ukidaiwa kuunguza diski, jambo la kwanza kuulizwa ni lini. Kwa hiyo ghala lipangwe kupata saa yake kutoka katika mtandao kwa utaratibu uitwao NTP, na majira yake yawe ya Afrika Mashariki, yaani saa tatu mbele ya majira ya ulimwengu. Chombo kilichoachwa katika majira ya ulimwengu kitaandika 23:14 ya tarehe 4 kwa tukio ambalo hapa Visiwani limetokea 02:14 ya tarehe 5. Si saa peke yake iliyobadilika, bali na tarehe.

Lipo na jambo jingine linalowahusu wasemaji wa Kiswahili. Chombo huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali Kiswahili huhesabu kuanzia kuchwa na kucha kwa jua. Kwa hivyo 02:14 ya daftari ni saa nane na dakika 14 za usiku, na 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Aidha, kwa mazoea ya Mwambao, usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao chombo huuandika kuwa ni Alkhamisi mpaka ufike usiku wa manane. Mtumishi anayetoa ripoti ya tukio anapaswa kuandika tarehe na saa kama zilivyo katika daftari, kisha ndipo aongeze maelezo ya kawaida. Kwa kufanya hivyo mafundi, wakaguzi na, ikibidi, mahakama hawatatofautiana juu ya siku moja.

4. Arifa: nani aarifiwe, na kwa njia gani

Daftari humngoja msomaji, lakini arifa humfuata. Ghala linaweza kupangwa lipeleke barua pepe, ujumbe wa simu, au taarifa kwa programu iliyomo katika simu ya mkononi. Makosa yanayoharibu mpango huo ni mengi, nayo makubwa ni matatu.

Kosa la kwanza ni kumpelekea mtu badala ya kuupelekea wadhifa. Fundi aliyefunga chombo huandika anwani yake mwenyewe. Fundi akihamishwa, akistaafu au akimaliza mkataba, arifa humfuata huko aendako au huanguka katika anwani isiyofunguliwa tena. Inatakiwa anwani iwe ya afisi, isomwe na watu wasiopungua wawili, na ikabidhiwe kwa maandishi mtumishi anapohama, kama zinavyokabidhiwa funguo na sefu.

Kosa la pili ni kuarifu kila kitu. Mtumishi anayepokea arifa 60 kwa siku, na 59 zikawa za watu walioingia na kutoka, ataacha kuzifungua zote, na ile moja iliyobaki itazikwa pamoja nazo. Utaratibu unaofaa ni huu: daraja la 0 hadi la 3 lipelekwe kwa simu mara moja, usiku na mchana, daraja la 4 lipelekwe kwa barua pepe na lisomwe siku ile ile, la 5 hadi la 7 libakie katika daftari. Yapo mambo manne ambayo lazima yapelekwe kwa simu hata yakiandikwa kuwa ni onyo tu: diski iliyoonyesha ubovu, nakala ya akiba iliyoshindwa, nafasi ya ghala inayokaribia kujaa, na majaribio mengi ya neno la siri yaliyokosewa kwa muda mfupi.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba ukimya ni dalili ya salama. Ukimya una maana mbili: ama hakuna lililotokea, ama njia ya arifa imekufa. Mfano upo karibu. Kuanzia tarehe 30 Mei 2022 kampuni ya Google iliacha kuruhusu vifaa kuingia katika akaunti binafsi za barua pepe kwa jina na neno la siri la kawaida peke yake. Ghala lililopangwa kwa njia hiyo ya zamani haliwezi tena kupeleka barua mpaka mpango wake ubadilishwe, na barua ya kusema kwamba barua haziendi nayo haiwezi kwenda.

Dawa yake ni kuligeuza jambo hilo. Ghala lisipeleke arifa za shari pekee, bali kila wiki lipeleke pia taarifa fupi ya uzima, ikisema kwamba diski ni nzima na nakala ya akiba imefanyika. Siku taarifa hiyo isipofika, kutofika kwake kuwe ndiyo arifa.

5. Matukio mawili yenye mafunzo

La kwanza lilitokea tarehe 31 Januari 2017 katika kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za watunzi wa programu duniani. Mhandisi mmoja, akijaribu usiku kurekebisha hitilafu, aliifuta kwa makosa hazina ya data katika seva iliyokuwa ikitumika. Walipoigeukia nakala ya akiba ya kila siku walikuta haipo. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hazina yenyewe, hivyo ilishindwa kila ilipoendeshwa. Je, haikuarifu? Iliarifu. Lakini barua pepe zake zilikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mpelekaji, na hakuna aliyezipokea. Kampuni iliokolewa na nakala nyingine, iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla kwa ajili ya majaribio. Kilichoandikwa baada ya nakala hiyo kilipotea, zikiwamo akaunti mpya zipatazo 700. Kampuni iliyatangaza yote hayo hadharani, na kwa hilo imewafundisha wengi.

La pili lilitokea mwezi Juni 2021. Wenye maghala madogo ya majumbani yaitwayo My Book Live, ya kampuni ya Western Digital, waliamka katika nchi mbalimbali na kuvikuta vyombo vyao vitupu, picha na nyaraka za miaka mingi zikiwa zimetoweka. Waliolifungua daftari la matukio waliona mstari ulioonyesha kwamba tarehe 23 Juni chombo kilipewa amri ya kurudi katika hali ya kiwandani, na wao hawakuitoa. Waliotoa amri hiyo walipitia intaneti, kwenye kasoro za programu ambayo mara ya mwisho ilikuwa imefanyiwa marekebisho mwaka 2015. Kampuni iliwataka wenye vyombo hivyo wavitenge na intaneti mara moja.

Katika tukio la kwanza arifa ilitoka na haikufika. Katika la pili daftari lilisema kweli, lakini lilisema baada ya mali kwenda. Almuradi ni kwamba daftari na arifa ni walinzi. Hawarudishi kilichokwisha kuibwa. Kinachorudisha ni nakala ya akiba, nayo iwekwe katika chombo kingine na mahala pengine. RAID peke yake si nakala ya akiba, kwani faili likifutwa hufutika katika diski zote kwa pamoja.

6. Dalili za diski

Dalili ya mvua ni mawingu, na diski nayo ina mawingu yake. Ndani ya kila diski umo utaratibu wa kujipima uitwao SMART, unaohesabu sehemu zilizoharibika na kuhamishwa, sehemu zinazongoja kuhamishwa, na makosa ya kusoma. Watafiti wa kampuni ya Google walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja. Waligundua kwamba diski, baada ya kuonyesha kosa la kwanza katika kukaguliwa uso wake, ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa katika siku 60 zilizofuata kuliko diski isiyo na kosa hilo. Kwa hiyo mstari unaosema kwamba sehemu chache za diski zimehamishwa usiachwe kwa hoja kwamba mafaili bado yanafunguka. Hesabu hiyo ikiongezeka wiki hadi wiki, diski ibadilishwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata dalili moja kati ya zile nne zenye nguvu. Maana yake ni kwamba daftari linalosema kuna hatari lisadikiwe, na lisilosema kitu lisitegemewe peke yake.

7. Umeme

Wakaazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa habari ya umeme. Kisiwa kilikaa kwa takriban mwezi mmoja bila ya umeme wa gridi, kuanzia Mei hadi Juni 2008, na tena kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Ghala likikatikiwa na umeme katikati ya kuandika huweza kuacha faili nusu, au kuharibu mpangilio mzima wa mafaili.

Kwa sababu hiyo ghala liwe na betri ya dharura, na betri hiyo isiishie kulipa umeme tu, bali iunganishwe nalo kwa kebo ya mawasiliano. Ikiunganishwa hivyo, daftari litaandika saa umeme ulipokatika, betri ilipokaribia kwisha, na ghala lilipojizima kwa usalama. Mtumishi akiona kuwaka kwa chombo kumeandikwa bila ya kutanguliwa na kuzimwa kwa utaratibu, ajue kwamba kilizimika ghafla, na aagize mafaili yakaguliwe. Hali kadhalika swichi na kifaa cha intaneti navyo viwekwe kwenye betri, la sivyo arifa ya kukatika kwa umeme itakosa njia ya kutokea.

8. Kulitunza daftari lenyewe

Daftari lililomo ndani ya ghala pekee hufa pamoja na ghala. Zaidi ya hayo, mwizi anayeingia kwa mtandao aghalabu hufuta nyayo zake. Kwa hiyo inapendekezwa mistari ipelekwe papo hapo katika kompyuta nyingine kwa utaratibu wa Syslog. Njia yake ya zamani, inayotumia mlango nambari 514, haina uhakika wa kufika wala siri. Penye uwezo itumike njia iliyofungwa kwa siri, yenye mlango nambari 6514.

Muda wa kuhifadhi nao upangwe kwa makusudi. Chombo kikiachwa kama kilivyotoka kiwandani huweza kufuta mistari ya zamani kila nafasi inapojaa. Kanuni ya kimataifa ya usalama wa kadi za benki, PCI DSS, inataka daftari lihifadhiwe kwa miezi 12, na miezi 3 ya karibuni iwe tayari kusomwa. Hicho ni kipimo kinachoweza kuigwa na afisi yoyote isiyo na kanuni nyingine inayoibana.

Izingatiwe pia kwamba daftari ni amana. Humo yamo majina ya watumishi, saa zao za kuingia na majina ya mafaili waliyoyafungua. Lisomwe na waliokabidhiwa, kwa kazi waliyokabidhiwa, wala lisifanywe chanzo cha maneno ya barazani.

9. Utaratibu wa kufuatwa

Kila siku: arifa za siku iliyopita zisomwe kabla ya kazi kuanza, na kila iliyoshughulikiwa iandikwe jina la aliyeishughulikia.

Kila wiki: taarifa ya uzima ihakikishwe kuwa imefika, mistari ya onyo na ya makosa ipitiwe yote, majaribio ya neno la siri yaliyokosewa yahesabiwe.

Kila mwezi: arifa ya majaribio ipelekwe kwa makusudi, na wote wanaotakiwa kuipokea waulizwe kama imewafikia, saa ya ghala ilinganishwe na saa sahihi, diski zote zipimwe.

Kila miezi mitatu: faili moja lirudishwe kutoka katika nakala ya akiba na lifunguliwe mbele ya mkuu wa afisi, orodha ya wanaopokea arifa ipitiwe, na waliohama waondolewe.

Kazi hizo hazihitaji mhandisi. Karani mwangalifu huweza kuifanya ile ya kila siku kwa muda usiozidi robo saa. Kinachohitajika ni jina la mtu mmoja aliyekabidhiwa, na jina la mwingine wa kushika nafasi yake anapokuwa likizoni au mgonjwa. Afisi isiyoweza kuyataja majina hayo mawili leo ianzie hapo, kabla ya kununua diski hata moja.